Taa ya Pikipiki Juu ya Furu

Furu mwekundu wa baba mkubwa alikufa Jumanne asubuhi, kabla sijapiga mswaki. Jioni baba mkubwa akapiga simu kutoka Mwanza, alikokuwa amefanyiwa operesheni ya nyonga, akauliza, "Mwekundu hajambo?" Nikajibu, "Hajambo, anakusalimia sana." Wakati huo Mwekundu alikuwa nyuma ya jiko, chini ya mgomba, amefungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Kwa hiyo sikudanganya sana. Sikusema tu anasalimia kutoka wapi.

Mama husema mdomo wangu ulizaliwa siku moja kabla yangu. Nakubali. Walimu nao wanakubali, na wameliandika jambo hilo kwenye ripoti tangu kidato cha kwanza. Lakini simu ile ndiyo mara ya kwanza nilipofanya utani nikasikia tumbo langu halicheki.

Furu ni visamaki vya ziwa letu, urefu wa kidole. Watu wengi Bukoba wanawajua kama chambo cha sangara, au wakiwa wamekaushwa kwenye fungu sokoni, macho yametumbuka. Baba mkubwa aliwajua kwa namna nyingine. Alikuwa bwana samaki wa serikali huko Muleba mpaka alipostaafu, akahamia kwetu Kahororo na mabegi mawili na tangi la kioo refu kama jeneza la mtoto. Tangi likawekwa sebuleni mahali pa kabati la vyombo. Mama alinuna mwezi mzima.

Ndani ya tangi kulikuwa na furu wa aina mbili, wote ukoo wa samaki aliowatoa mwenyewe, kabla sijazaliwa, kwenye mwamba ulio chini ya kijiji alikozaliwa. Dume wa aina ya kwanza ni mwekundu mgongoni kama pilipili iliyoiva. Dume wa aina ya pili ni wa bluu, bluu ya chupa ya wino. Majike wa aina zote mbili wamevaa sare moja ya kijivu kama wanafunzi wa shule ya kata. Ziwani wanakaa mwamba mmoja na hawachanganyiki, kwa sababu jike anachagua kwa macho. Jike wa wekundu anataka mwekundu, imekwisha. Hakuna mshenga, hakuna barua ya posa. Akimpata, anataga, anayakusanya mayai mdomoni na kuyalea humo humo, na anashinda njaa mpaka watoto watoke.

Mwaka huo, kabla ya safari ya hospitali, umeme ulikatika siku tatu mfululizo. Pampu ya hewa ikasimama, wengi wakafa. Bluu walibaki kadhaa. Wekundu walibaki watatu: dume mmoja, jike mmoja mwenye kovu mkiani, na jike mwingine mnene kama mama wa kantini yetu. Na kule mwambani, baba mkubwa alikuwa amekwenda mara ya mwisho akiwa bado na nyonga nzima, akarudi mikono mitupu. Watatu wale ndio waliobaki, kwa kadiri alivyojua yeye. Hakuwa na sababu ya kunieleza mara mbili.

"Chakula kidogo," aliniambia mlangoni, magongo kwapani, meli ikimsubiri. "Maji theluthi kila Jumamosi. Taa saa nane kwa siku. Nikirudi nataka niwakute majike wale wamefumba midomo."

"Nitawashonea kabisa, ba'mkubwa."

"Wewe!" Akanitazama muda mrefu. "Nakuachia kwa sababu sina mwingine."

Wiki ya pili umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, tyubu ya zamani juu ya tangi ikafanya *pu* na kuwa nyeusi pembeni. Tyubu za urefu ule hakuna tena mjini. Kila duka wananiambia, "Siku hizi ni LED tu, kijana." Haya, LED. Nikanunua taa nyeupe ya nje, ile ya kumulika geti. Nilidhani mwanga ni kama mchuzi, ukizidi hakuna anayelalamika. Nikailaza juu ya kioo chenyewe.

Samaki wakajificha nyuma ya mawe, wamepauka kama wagonjwa. Baada ya wiki mbili maji yakageuka kijani, na mwani ukaota kwenye kioo kama manyoya. Hiyo haikutosha. Ilikuwa Novemba, na ninyi mnajua taa nyeupe kali, dirisha wazi na Novemba Bukoba ni nini. Senene walituingilia sebuleni kana kwamba tumewaandikia kadi. Watoto wa jirani wakaja na ndoo. Siku ya kwanza mama alifurahi, akakaanga. Siku ya tatu, panzi wa kila ukoo na vipepeo wa usiku walikuwa wanaogelea kwenye mchuzi wa ndizi.

"Zima huo uwanja wa ndege," akasema.

"Samaki watakaa gizani, mama."

"Mimi nimekaa gizani miaka mingapi na nimekuzaa wewe?"

Jirani yetu ni dereva wa bodaboda, kaka mmoja anayejua kila kitu isipokuwa kutengeneza breki zake. Aliposikia shida yangu alicheka. "Dogo, maji machafu ni sawa na ukungu. Asubuhi ukishuka kilima na ukungu umekaa barabarani, ukiwasha taa nyeupe inakurudia usoni, huoni kitu. Ndiyo maana tunafunga ya njano. Njano inapasua." Kisha akaongeza jambo la pili, ambalo lilinimaliza kabisa: "Halafu njano haiiti wadudu."

Nilihisi kama nimepata ufunuo. Maji yamechafuka, taa ya njano inapasua. Mama hataki wadudu, taa ya njano haiwaiti. Taa ya pikipiki haiogopi maji, imetengenezwa inyeshewe na mvua za kwetu. Inatumia umeme mdogo wa betri, kwa hiyo umeme ukikatika naiunganisha kwenye betri ya sola. Hata sasa nikiipitia hoja ile sioni mwanya. Ilikuwa hoja nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Duka la spea ni la mzee wa Kihindi ambaye ndugu zake wote wamehamia nje, amebaki yeye, paka na kalenda za zamani. Kihaya anakijua kuliko mimi. Nilipomweleza nataka ukanda wa LED wa njano iliyokolea kama chungwa, mita moja na nusu, aliushika asiniachie.

"Pikipiki gani ya mita moja na nusu?"

"Ni ya tangi la samaki, mzee."

"Samaki?" Akavua miwani. "Hii taa rangi moja tu. Njano, basi, hakuna nyingine ndani yake. Nani atatazama humo, wewe au samaki?"

"Wote, mzee. Kila mtu na upande wake wa kioo."

"Mdomo huo utakuletea mke mbaya," akasema, akanikatia ukanda wangu.

Nililifikiria swali lake mpaka mlangoni tu. Hapo nikakutana na muuza maandazi.

Kazi ya kufunga niliifanya vizuri, naomba hilo liandikwe. Nilichukua adapta ya king'amuzi kilichokufa, nikapima nyaya nisikosee chanya na hasi, nikachomea viungo kwa risasi, nikaviziba kwa silikoni. Ukanda nikaubandika ndani ya mfuniko wa mbao. Nilipowasha, tangi zima likawa asali. Ule mwani wa kijani haukuonekana tena, kioo kilionekana safi. Wadudu hawakuja. Samaki wakatoka nyuma ya mawe wote. Wageni waliokuja kumwona mama wakasema sebule imekuwa hoteli, na mama, mtu wa kununa mwezi mzima, akavuta kiti akakaa karibu.

Kitu kimoja nilikiona na sikukijali. Mwekundu hakuwa mwekundu tena, na bluu hakuwa bluu. Chini ya taa yangu madume wa aina zote mbili walikuwa weusi-weusi, kama waliopakwa oili chafu. Nilisema ni kivuli.

Siku chache baadaye ugomvi ukaanza. Zamani dume wa bluu na Mwekundu walipishana kama wapangaji wasiojuana. Bluu alifukuza bluu wenzake, Mwekundu alikuwa na kona yake chini. Sasa bluu akawa anamfuata kila aendako. Anamgonga ubavuni, anamng'ata mkia, anamrudisha kwenye kona na kumfuata huko huko. Mimi nilifanya nini? Nilichukua simu ya mama, nikarekodi, nikatangaza kama mpira. "Anakwenda bluu, anakwenda, lo, mkia umechanika, refa hayupo uwanjani leo!" Darasani waliiangalia mara nyingi. Walicheka sana. Video hiyo bado iko kwenye simu za watu na siwezi kuifuta huko iliko.

Iliendelea siku nane. Ya tisa ndiyo ile Jumanne.

Kilichonipa nguvu ya kusema "anakusalimia" ni majike. Wiki hiyo hiyo yule mwenye kovu na yule mnene walikuwa wamefumba midomo, mashavu yamevimba, hawali. Nikajiambia, sawa, mzee Mwekundu amefariki lakini ameacha urithi. Watoto walipoanza kutoka mdomoni niliwahamishia kwenye beseni lenye pampu ndogo, thelathini na kitu, kila mmoja mdogo kama kichwa cha kiberiti. Nikajipanga: baba mkubwa akirudi nitampa habari mbaya kwa mkono wa kushoto na beseni kwa mkono wa kulia.

Alirudi Januari, asubuhi, na meli. Alikuwa amekonda na amevaa sweta jekundu alilonunuliwa na wauguzi au na nani sijui. Akaingia sebuleni kwa hatua za kinyonga na magongo yake. Akasimama.

"Nani kafungua baa humu ndani?"

"Ni taa ya kisasa, ba'mkubwa. Karibu. Pole na safari."

Alisogea mpaka kwenye kioo, akainama kwa kadiri nyonga ilivyomruhusu, akanyoosha mkono juu ya maji kuugusa mfuniko. Mkono wa sweta ukaingia kwenye ule mwanga. Niliona anautazama. Ulikuwa mweusi. Akautoa, ukawa mwekundu. Akauingiza tena.

"Waitu," akasema kwa Kihaya, taratibu, kama mtu aliyekanyaga msumari na hataki kuamsha watu.

"Mwekundu alifariki," nikasema. Mama, aliyekuwa nyuma yangu na chai, akaiweka mezani.

"Alipigwa?"

"Ndiyo."

"Na bluu."

"Umejuaje?"

"Dume anampiga wa rangi yake. Wa rangi nyingine hana habari naye." Akaketi polepole. "Wewe umewavika wote rangi moja."

"Lakini majike walitaga! Ninao watoto kwenye beseni, wengi tu."

"Walitaga lini? Kabla ya hii taa au baada?"

Nilikuwa nalijua jibu, na yeye aliliona usoni kwangu, maana hata mdomo wangu ulikuwa umefika mwisho wa barabara. Nilisema labda Mwekundu aliwahi. Labda siku za kwanza. Yeye akasema, "Labda," kisha akanywa chai.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Badala yake, wiki ile alinifundisha taa kama anayemfundisha mtoto sala. Yeye kwenye kiti, mimi juu ya stuli. Tulitoa ya njano. Tukanunua kanda mbili za nyeupe, moja ile yenye ubaridi, nyingine yenye joto kidogo, kwa sababu ubaridi peke yake unaua rangi nyekundu na joto peke yake linaua ya bluu. Tukazipanga sambamba kwenye fremu ya mbao iliyoinuliwa juu ya maji kiasi cha shibiri moja na nusu, si kuzilaza kwenye kioo kama nilivyofanya. Chini yake tukatandaza kipande cha chandarua kikuukuu, mwanga ushuke laini. Akanituma mtoni nilete magugu yanayoelea, yafunike theluthi ya maji. Mwani ukapungua. Wadudu nao tuliwadhibiti kwa kitu rahisi ambacho sikukiwaza: tulifunga pazia.

"Taa ya tangi," alisema siku tunamaliza, "unamchagulia samaki. Wewe utaona tu, hata kwa kibatari."

Yule mzee wa spea aliniuliza hivyo hivyo, nikamjibu kwa mzaha. Sikumwambia baba mkubwa.

Tukasubiri. Furu hatoi rangi mpaka akue. Februari walikuwa kijivu wote. Machi kijivu. Kila nikitoka shule namkuta amesogeza kiti, miwani puani, anawahesabu. Mimi nikaanza kuleta utani mdogo mdogo ili chumba kisinielemee. Nikiuliza, "Kuna aliyeona haya akawa mwekundu leo?" anajibu, "Bado," bila kugeuka. Mei madume wakaanza kuiva. Walikuja na rangi ya barabara ya udongo baada ya mvua. Mmoja alikuwa na doa jekundu chini ya pezi la mgongoni, dogo, kama mtu aliyetaka kutabasamu akaghairi. Tulimwangalia yule mmoja wiki tatu. Doa halikukua; baba yao wote alikuwa bluu.

Hapo baba mkubwa akasema twende Muleba.

Tulikwenda kwa gari mpaka Muleba mjini, kisha bodaboda mbili kushuka kuelekea ziwani. Kijijini kwao njia ya mwambani inapita ukingoni mwa kibanja cha migomba, halafu inateremka mawe matupu. Yeye nyonga haikuruhusu. Akakaa juu, kwenye jiwe, mimi nikashuka na kimia kidogo na chupa kubwa ya maji ya kunywa.

Kulikuwa na jamaa anaanika dagaa. Nilimwamkia, nikamuuliza kuhusu furu wekundu.

"Wekundu?" Akacheka. "Labda umuulize babu yako. Hapa kuna hao wa matope tu, na tunawaonea huruma hata kuwafanya chambo."

Maji yalikuwa kijani. Si kijani ya kupendeza. Kijani nzito, ya rangi ile ile ya tangi langu la Novemba. Nilizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, sikuona vidole vyangu. Nikavua shati, nikaingia, nikafumbua macho chini ya maji kando ya mwamba. Kulikuwa na mwanga, ila ulikuwa wa njano iliyochafuka, na mawe, magoti yangu, kila kitu kilikuwa rangi moja. Nilipajua mahali pale. Niliwahi kupatengeneza mwenyewe sebuleni, kwa adapta ya king'amuzi.

Nilirusha kimia mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipata samaki sita. Nikapanda nao.

"Huko chini kukoje?" akauliza kabla sijafika.

"Kama kwenye tangi. Wakati ule."

Akaichukua chupa, akaiinua kwenye jua, jua zuri jeupe la saa sita ambalo hakuna LED inayoliiga. Wote sita walikuwa rangi ya udongo. Aliizungusha chupa mara nyingi. Kisha akanirudishia, akasema, "Warudishe kwao," nami nikashuka tena mawe yote yale kuwarudisha. Niliporudi juu alikuwa ameshaita bodaboda.

Njiani nilijaribu kujifariji, nikamwambia hata nisingebadilisha taa, wale watatu wasingekuwa na pa kurudi. Ni kweli, na nadhani ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kumwambia. Alisema tu, "Walikuwa kwangu."

Sasa ni Septemba. Yule jike mnene alikufa mwezi uliopita, kwa uzee nadhani, nami safari hii nilikwenda kumwambia baba mkubwa kabla sijafanya chochote. Amebaki mwenye kovu. Tangi linapendeza. Mwani hakuna, maji yanaonyesha mpaka nyuma, na dume wa bluu anang'aa kiasi kwamba wageni wanauliza kama ni wa kweli. Kila siku anamjia yule jike, anatandaza mapezi, anatetemeka mbele yake, anamwonyesha shimo alilochimba mchangani. Jike anamtazama. Chini ya taa hii anamwona vizuri, kila gamba. Anageuka, anakwenda kukaa kwenye ile kona ya chini.

Wiki iliyopita nilimwambia baba mkubwa, nusu utani, nusu sijui nini, "Ukanda wa njano ninao bado. Tukiufunga siku mbili tu atakubali. Angalau azae."

"Azae nini?"

Nikaikumbuka ile chupa ya Muleba, samaki sita wa rangi ya udongo. Yeye akaangalia saa, akasema saa nane za taa zimetimia, nizime. Nikazima.